Kompyuta ya bei poa kwenye matangazo madogo: mambo manane, tunahesabu kushuka

Sogeza kigoda, leo tunawinda. Mawindo yetu hayana mkia ila yana kibodi: kompyuta iliyotumika, ya bei inayoeleweka, iliyojibanza kati ya tangazo la kiwanja cha Kahama na la mbwa wa ulinzi. Wazee wetu hawakuujua uwindaji huu. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo lilikuja kulegea taratibu hadi miaka ya 1990. Wakati mlango wetu umefungwa, mwaka 1979, katika mji wa Titusville kule Florida lilizaliwa jarida la Computer Shopper, lililojaa matangazo ya watu wanaouziana vifaa vilivyotumika. Baadaye likanenepa hadi kupita kurasa 800. Leo nasi tunayo matangazo yetu: gazetini, kwenye ukuta wa steshenari, kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye tovuti ya Jiji. Anayejua kuyasoma halali njaa. Haya, tuanze na nane.

8. Taja kazi kwanza, kompyuta baadaye

Steshenari ya Katoro inayochapa barua na kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo haihitaji mashine ya kutengenezea filamu. Inahitaji kibodi isiyochoka na skrini isiyoumiza macho. Anayehariri video za harusi Kahama mjini, huyo ndiye atafute yenye misuli. Andika kazi zako kwenye karatasi kabla hujafungua ukurasa wa matangazo. Asiyejua anachotafuta hurudi nyumbani na alichotaka kukiuza dalali.

7. Jifunze lugha ya wauzaji

"Maongezi yapo" maana yake bei iliyoandikwa ni salamu tu. Itikia, kisha taja ya kwako. "Bei ya mwisho" ni ya mwisho asubuhi hii. Jioni piga tena. "Mtumba wa Dubai" inakueleza safari, haikuelezi afya. Na "haina shida"? Maneno hayo ndiyo yenye shida, kwa sababu hayajibu swali lolote. Muulize muuzaji: mara ya mwisho fundi aliigusa kwa sababu gani? Akikohoa kabla ya kujibu, mpe pole, endelea kusoma tangazo linalofuata.

6. Dume la umri gani?

Kuandika "Core i5" bila kutaja jenereshini ni kama kupeleka ng'ombe mnadani na kutangaza "dume" tu. Nani Shinyanga atakubali? Tunataka kujua umri! Omba namba kamili ya prosesa. i5-6300U ni jenereshini ya 6. i5-8250U ni ya 8. Tofauti hiyo ina uzito wa pesa: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inakubali rasmi kuanzia jenereshini ya 8, ukiacha chache tu za nyuma yake. Ukitaka Windows, usishuke chini ya hapo. Ukiwa tayari kuweka Linux, mfano Ubuntu, ambayo ni ya bure, basi jenereshini ya 6 na ya 7 ndiyo malisho yako, maana wengi wanazikimbia zikiwa bado na nguvu.

5. Picha iliyozimwa haisemi kitu

Picha ya kompyuta iliyozimwa ni kama picha ya mchumba aliyefumba macho: huwezi kujua kama anakuona. Omba picha ikiwa imewashwa, skrini nyeupe tupu ili madoa yaonekane, na kando yake karatasi yenye tarehe ya leo. Muuzaji wa kweli ataipiga ndani ya dakika tano. Muuzaji wa picha za kuokota atakwambia kamera yake imeharibika, huku akikupigia kwa simu hiyohiyo.

4. Usiruke matangazo ya mnada wa hadhara

Yanachosha macho, herufi ndogo, magari mabovu mengi. Vumilia. Ofisi za umma huuza vifaa chakavu kwa mnada na kuvitangaza magazetini, na kompyuta za mezani huwa humo, nyingine kwa fungu zima. Huuzwa kama zilivyo, mahali zilipo, kwa hiyo nenda siku ya ukaguzi pamoja na fundi. Angalia kama diski imo au imeshatolewa. Kompyuta tatu zilizokufa zinaweza kuzaa mbili zilizo hai. Fundi mzuri ni mkunga.

3. Ulizia vumbi

Huku kwetu kompyuta hula vumbi kuliko umeme. Iliyokaa ofisi jirani na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu kule Nyarugusu imeshavuta mawe yaliyosagwa kama mtu avutavyo ugoro. Iwashe, weka kiganja kwenye tundu la hewa, sikiliza feni. Ikinguruma kama lori linalopanda mlima, punguza bei au ondoka. Chagua yenye diski ya SSD, au tenga hela ya kuiweka: haina sehemu inayozunguka, kwa hiyo inastahimili mitikisiko ya barabara, na mashine ya zamani itafufuka mbele ya macho yako. Kwa kompyuta ya mezani ongeza betri ya akiba, yaani UPS, ili umeme ukikatika barua ya mteja isizame nao.

2. Weka mzani mezani

Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mle ndani hakuna anayenunua dhahabu kwa kusimuliwa. Inapimwa, macho yote yanaona, ndipo hela inatoka. Kwa nini kompyuta uinunue kwa simulizi? Kutaneni mchana, kwenye steshenari yenye umeme. Bonyeza kila herufi. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Jaribu spika, kamera na Wi-Fi. Chomoa chaja uone betri inakaa dakika ngapi. Izime, iwashe tena, ingia kwenye mipangilio ya BIOS uhakikishe haina nenosiri, maana kufuli hilo humsumbua hata fundi. Andikianeni hati ya mauziano yenye namba ya mashine na kitambulisho cha muuzaji, usije ukanunua kilio cha mtu aliyeibiwa. Akisema utangulize hela ndipo aipakie kwenye basi, kumbuka ule ujumbe wa matapeli ambao kila Mtanzania ameshaupokea: "ile hela tuma kwenye namba hii." Hukutuma siku ile, usitume leo.

1. Penda tangazo linalotaja ubaya wake

Hili ndilo namba moja, na ningeliandika kwa rangi ya dhahabu. Chukulia matangazo mawili ya mashine za aina moja. La kwanza: shilingi 380,000, haina shida. La pili: shilingi 300,000, betri imekufa, kitufe cha N hakibonyezeki. Wengi hukimbilia la kwanza. Wewe piga simu kwa wa pili! Ameshakufanyia nusu ya ukaguzi, na ubovu wake unaweza kuupeleka kwa fundi ukapewa bei kabla hujatoa senti. Kasoro iliyotajwa ni punguzo. Kasoro iliyofichwa ni deni.

Ndiyo maana zamu yako ya kuuza ikifika, nakuomba ufanye vivyo hivyo. Mnunuzi wako huenda ni binti wa Segese anayefungua steshenari kwa akiba ya kikoba, na soko hili litadumu kadiri tunavyoaminiana. Andika hivi:

"Inauzwa. HP, i5 jenereshini ya 6, RAM 8, SSD 256. Betri inakaa dakika 40. Bawaba ya kushoto imelegea. Njoo uiwashe mwenyewe. Maongezi yapo."