Barua ya Wazi kwa Kamati ya Waamuzi ya FIFA, Zürich

YAH: PONGEZI KWA MATUMIZI YA KIASI YA WAAMUZI WANAWAKE



Kati ya mechi 64 za Kombe la Dunia la wanaume mwaka 2022 nchini Qatar, moja ilichezeshwa na mwanamke. Ilikuwa Costa Rica dhidi ya Ujerumani, Desemba 1, kwenye uwanja wa Al Bayt. Kipenga alishika Stéphanie Frappart wa Ufaransa, na vibendera walishika Neuza Back wa Brazil na Karen Díaz Medina wa Mexico. Ujerumani ilishinda 4-2 na bado ikafungasha virago, kwa kuwa usiku huohuo Japani iliifunga Hispania. Wajerumani, ambao kwa desturi ya mchezo huu walikuwa na haki ya kumtafuta refa wa kumtupia lawama, walikosa pa kuanzia. Kamati inastahili pongezi. Mechi moja ilitosha kuthibitisha kuwa jambo linawezekana, na likishathibitika, ya nini kulirudia?

Uangalifu huo ulionekana tangu kwenye orodha. Waamuzi wa kati walioitwa Qatar walikuwa 36, wanawake wakiwa 3: Frappart, Yoshimi Yamashita wa Japani na Salima Mukansanga wa Rwanda. Yamashita na Mukansanga walirudi makwao bila kuchezesha hata mechi moja. Walipangiwa kazi ya mwamuzi wa nne, yule wa mezani. Kazi hiyo ina heshima zake. Mwenye nayo hukagua njumu za mchezaji anayeingia, huinua kibao cha dakika za nyongeza, na husimama katikati ya mabenchi mawili akielezwa na makocha, kwa sauti ya juu, makosa ya mtu mwingine. Inahitaji subira, na Kamati iliona sawasawa kuwa kwenye subira wanawake wana uzoefu.

Uzoefu wenyewe ni wa muda mrefu. Lea Campos wa Brazil alisomea uamuzi mwaka 1967, akafaulu, na shirikisho la nchi yake likakataa kumtambua. Amri ya mwaka 1941 ilikuwa imewakataza wanawake michezo isiyolingana na maumbile yao. Campos alijibu kuwa amri hiyo iligusa kucheza, haikutaja kupuliza kipenga. Alibishana hadi mwaka 1971, na alilazimika kumfikia rais wa nchi ndipo akaruhusiwa. Aliyekuwa akiongoza shirikisho hilo, João Havelange, alichaguliwa kuwa rais wa FIFA mwaka 1974 na akakaa hadi 1998. Kwa hiyo kiasi cha Kamati hakikuanza jana, ni urithi.

Hoja zinazotetea kiasi hicho ni tatu, na kila moja imepata kujaribiwa.

Ya kwanza ni nguvu. Mwanamke anayetaka kuchezesha wanaume hupimwa kwa muda uleule wa wanaume: mbio fupi 6 za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6, kisha mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, mara 40, jumla kilomita 4. Saa ya kupimia haiulizi jinsia. Huo ni upungufu ambao mafundi wa Kamati wangeweza kuushughulikia. Hadi hapo, hoja ya nguvu itaendelea kutolewa hasa na watu walioketi.

Ya pili ni sheria, hususan ile ya kuotea. Januari 2011, watangazaji wawili wa televisheni ya Uingereza walinaswa na vipaza sauti wakicheka kwamba mshika kibendera wa mechi ya Wolves na Liverpool, Sian Massey, hangeijua sheria hiyo kwa kuwa ni mwanamke. Siku hiyohiyo Raul Meireles alipenyezewa mpira mbele ya mabeki, Massey akakiacha kibendera chini, na Fernando Torres akafunga. Picha za marudio zilionyesha kuwa Massey alikuwa sahihi. Mtangazaji mmoja alifukuzwa kazi, mwingine akajiuzulu. England, hata hivyo, haikuonyesha papara. Wendy Toms alishika kibendera Ligi Kuu mwaka 1997. Rebecca Welch akapewa kipenga Desemba 23, 2023, Fulham ikicheza na Burnley. Kutoka mstari wa pembeni hadi nukta ya katikati ni kama mita 34. Ligi hiyo iliutembea umbali huo kwa miaka 26.

Ya tatu ni mamlaka: kwamba wanaume hawatamtii. Mwaka 2015 mchezaji wa Fortuna Düsseldorf, baada ya kulimwa kadi nyekundu, alimwambia Bibiana Steinhaus kuwa wanawake hawana lao katika soka la wanaume. Alifungiwa mechi 5, na klabu yake ikampeleka akachezeshe mechi ya wasichana ili aonje kazi ilivyo. Steinhaus, ambaye alikuwa askari polisi, alipanda hadi Bundesliga mwaka 2017. Afrika Mashariki ilikuwa imeshaijaribu hoja hiyo penye joto zaidi: Februari 20, 2016, Jonesia Rukyaa alichezesha mechi ya watani wa jadi, Yanga na Simba, jijini Dar es Salaam. Alimtoa beki wa Simba kipindi cha kwanza, naye akatoka. Yanga ilishinda 2-0. Refa wa mechi hiyo, awe nani, hana njia ya kuondoka uwanjani akiwa amependwa na pande zote mbili, na huo ndio usawa kamili ambao soka limewahi kuutoa.

Yaliyofuata barani Afrika yalizidi kuiharibia Kamati hoja. Januari 2021, Lidya Tafesse wa Ethiopia, akisaidiwa na Bernadettar Kwimbira wa Malawi na Mimisen Iyorhe wa Nigeria, alichezesha Tanzania na Namibia kwenye CHAN nchini Cameroon. Taifa Stars ilishinda 1-0, na ushindi huwasaidia mashabiki kuona ubora wa refa. Mwaka mmoja baadaye, Januari 18, 2022, Mukansanga aliongoza Zimbabwe na Guinea jijini Yaoundé, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kwenye AFCON, mashindano yaliyoanza mwaka 1957. Miezi kumi baada ya hapo alikuwa Qatar, ameshika kibao.

Ili utaratibu huu usivurugike, mambo matatu yanapendekezwa.

Kwanza, kila mashindano yaendelee kuwa na mwanamke wa kwanza, na wa pili asipangwe upesi. Wa kwanza huleta picha, hotuba na pongezi. Wa pili haleti chochote ila mechi, na watu huanza kumjadili kama refa tu.

Pili, kanuni ya mechi moja itumike kwa wote. Kila refa mwanaume apewe moja ya majaribio, na mmoja wao akikataa penalti halali, wanaume wote wapumzishwe hadi uchunguzi ukamilike kuhusu maumbile yao.

Tatu, hayo yakishindikana, Kamati ipange waamuzi kwa alama za wakaguzi wa mechi na matokeo ya mbio, majina yakiwa yamefunikwa, kama mitihani ya taifa inavyosahihishwa kwa namba ya mtahiniwa. Nafasi ya kati wapewe wenye alama za juu, na mezani wakae waliobaki. Orodha ya namna hiyo haihitaji hotuba wala mpiga picha, na gharama zake ni karatasi moja.