Jinsi ya Kuitelekeza Kampuni Yako ya Delaware

Kufungua kampuni ya dhima yenye kikomo (LLC) katika jimbo la Delaware, Marekani, ni rahisi kuliko kusajili laini ya simu, maana huko hawataki hata alama za vidole. Unakaa zako Kinondoni au Kilimani, unajaza fomu mtandaoni, unalipa kwa kadi, na baada ya siku chache unaitwa mwekezaji. Hujawahi kufika Delaware? Usijali. Jimbo lina watu wapatao milioni 1 na kampuni zaidi ya milioni 2, kwa hiyo wenye kampuni wengi hawajafika.

Miongozo ya kufungua imejaa kila kona. Huu ni wa siku ile wateja walipogoma kuja, mwenzako akapata kazi ya mshahara, mkakubaliana kwamba basi. Fuata hatua zote bila kuruka hata moja.

Hatua ya 1: Amini kwamba kuvunja ndiko kufunga

Sheria ya LLC ya Delaware, ya mwaka 1992, inaruhusu kampuni ivunjwe kwa ridhaa ya wanachama wenye zaidi ya theluthi mbili ya umiliki, mkataba wenu usiposema vingine. Nyinyi mko wawili na nyote mmeafiki. Hongereni, imevunjwa.

Hapo atatokea mwanasheria mwenye wasiwasi akuambie kwamba kampuni iliyovunjwa bado ipo. Ipo kwa kazi moja tu: kumaliza mambo yake. Ikusanye inachodai, iuze mali, ilipe madeni, igawe kitakachobaki, kisha iwasilishe cheti cha kufuta usajili. Mpuuze. Wewe ondoka kwenye kundi la WhatsApp la kampuni. Hamna mdai hata mmoja humo.

Hatua ya 2: Gawaneni kabla wadai hawajaamka

Tuseme benki mna dola 9,000, na fundi aliyewatengenezea programu anadai 4,000. Gawaneni nusu kwa nusu leo hii. Fundi ni mtu mwelewa.

Wazee wa mwambao hawagawi mirathi kabla ya kulipa deni la marehemu. Ajabu ni kwamba watunga sheria wa Delaware, ambao sidhani kama waliwahi kukaa matanga Lamu, walifika hapo hapo: wadai kwanza, wenye kampuni mwisho. Tena walizidisha. Kampuni inatakiwa itenge fedha hata kwa madai ambayo bado hayajajulikana, iwapo kwa taarifa ilizo nazo yanaelekea kujitokeza ndani ya miaka 10 tangu ivunjwe. Na mwanachama aliyepokea mgao huku akijua kwamba wadai wamerukwa anaweza kudaiwa aurudishe, mradi kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu siku ya mgao. Neno la kuchunga hapo ni “akijua”. Usisome barua pepe za fundi. Halafu omba Mungu hakimu aamini kwamba hukuzisoma.

Hatua ya 3: Liachie jimbo lizike

Kila LLC ya Delaware hulipa kodi ya mwaka ya dola 300 kabla ya Juni mosi kupita, iwe imepata faida, hasara au usingizi. Usilipe. Utaongezewa faini ya dola 200 na riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Vumilia. Kodi ikikaa miaka 3 bila kulipwa, jimbo litaifuta kampuni lenyewe, bila wewe kuinua kidole.

Wapo watakaokukumbusha kwamba kufutwa huko hakulipi deni la mtu yeyote, na kwamba ukitaka kuifuta mwenyewe kwa cheti, jimbo halikipokei mpaka kodi zote zilipwe. Ndiyo maana tunashauri usitake.

Wakala wako wa usajili naye, yule mwenye anwani unayoiita ofisi, acha kumlipa. Akijiuzulu nawe usiteue mwingine ndani ya siku 30, kampuni itafutwa kwa njia hiyo pia. Hati za mashtaka zitapelekwa kwa Katibu wa Jimbo. Wewe utakuwa mtu wa mwisho kujua umeshtakiwa, na usingizi wa kipindi hicho hauna bei.

Hatua ya 4: Dharau fomu isiyodai kodi

Kama kampuni ni yako peke yako nawe si mkazi wa Marekani, kuna Fomu 5472 ya mamlaka ya kodi, IRS. Haidai kodi yoyote. Inauliza tu fedha zilizopita kati yako na kampuni, zikiwemo ulizoingiza siku ya kufungua na ulizotoa siku ya kufunga. Kwa kuwa kampuni haikupata hata senti ya faida, utaona haikuhusu. Adhabu ya kutoiwasilisha huanzia dola 25,000, ambazo kampuni yako haikuwahi kuziona maishani mwake.

Namba ya mlipakodi nayo usihangaike nayo. IRS haiifuti kamwe; ukiwaandikia barua huizima tu.

Hatua ya 5: Endelea kulitumia jina

Kadi za biashara bado zipo, muhuri upo, na mteja mmoja wa Kampala anataka mkataba. Saini. Kampuni iliyofutwa haiwezi kushtakiwa kirahisi, na hapo ndipo penye utamu. Mteja akikosa wa kumshika kwenye karatasi, atamtafuta mwenye kalamu.

Dhima yenye kikomo ni mapatano: wadai wanakubali kutogusa nyumba na gari lako, nawe unakubali kwamba fedha za kampuni zitawafikia wao kabla hazijakufikia wewe. Anayegawana mapema, akasaini kwa jina la kampuni isiyokuwepo, ameitoa ngao mkononi mwenyewe. Hakuna aliyempokonya.

Kwa waoga

Wapo wasioweza kufuata mwongozo huu. Hao huandika azimio la kuvunja na kulitia tarehe. Huwaarifu wadai, huwalipa, hutenga akiba kwa madai yanayonukia, kisha ndipo hugawana. Huwasilisha ritani ya mwisho ya kodi na kuandika wazi kwamba ni ya mwisho. Humalizia kodi ya jimbo, huwasilisha cheti cha kufuta usajili, hufunga akaunti ya benki na kuhifadhi nyaraka.

Njia yao haina raha hata kidogo. Wiki chache za makaratasi, wakati mwingine ada ya mhasibu, na mwisho wake hakuna barua ya kuwafuata wala cha kusimulia barazani. Fundi wa programu akikutana nao mjini huwasalimia, tena huwauliza lini wanafungua nyingine.