Mikia ya Maandazi

Jirani yangu anauza maandazi, na tovuti yake ina mkia wa .co.tz. Juzi kijana wa kompyuta kamtia hofu: “Mama, usipochukua na .com, .africa na .shop, wajanja watakuwahi!” Si uongo, jina la mtandaoni ni la aliyewahi kulisajili, na ada yake haifi, hurudi kila mwaka kama kodi ya pango.

Nami, shoga mwema, nikamwongezea .ai. Siku hizi kila anayetaka kuonekana ana akili anaigombania, wala hajui kuwa herufi hizo ni za Anguilla, kisiwa kidogo cha Karibi kinachovuna pesa za wenye akili. Tuvalu nayo inakula kwa .tv, huku wenye televisheni wakishindwa kuionyesha kwenye ramani.

Mama akapiga hesabu: mikia minne zaidi, ada nne zaidi. Akauliza, “Na hii mikia inakanda unga?”

Kijana kimya.

Akachukua .com peke yake, akaielekeza kule kule kwa .co.tz. Chenji akanunulia ngano. Ng’ombe ana mkia mmoja, na nzi anawafukuza vizuri tu.