Nyumba Moja, Mitihani Mitatu

Ndugu yangu, wewe mwenye mke, watoto, shemeji na mama mkwe chini ya bati moja, utanielewa bila maelezo marefu. Nyumbani kwetu Tabata siku hizi tunakulia mkekani. Meza imetwaliwa na watafuta vyeti vya Kiingereza, na ole wake atakayeweka bakuli la mchuzi karibu na madaftari yao.

Chanzo ni mke wangu. Sote humwita Matroni, kwa sababu ni nesi wa miaka mingi na hata nyumbani anapanga zamu: zamu ya vyombo, zamu ya maji, zamu ya kumpeleka Bibi kliniki. Jioni moja alitangaza kwamba anataka kwenda kufanya kazi Uingereza. Sijameza tonge, binti yetu Chiriku akadakia kwamba naye anaomba chuo Canada. Hapo shemeji yangu Wakili akaona atabaki nyuma. Wakili ni fundi magari, ila jina amelipata kwa ubishi. Hajawahi kuondoka barazani bila kutoa hukumu. Akasema yeye pia anakwenda Canada, tena kuhamia kabisa, kisha akahukumu: "Sote tujiandikishe IELTS siku moja, tupande teksi moja. Kiingereza ni kile kile."

Msomaji, ukisikia maneno hayo nyumbani kwako, ficha pochi kwanza. IELTS yenyewe ziko mbili. Iko Academic, ya wanaokwenda vyuoni na ya wataalamu wanaotaka kusajiliwa, na iko General Training, ambayo ndiyo Canada inayoitaka kwa mfanyakazi anayeomba ukaazi. Sehemu ya kusikiliza na ya kuzungumza ni sawa kwa wote, lakini kusoma na kuandika zinatofautiana. Ukipeleka ya mwenzio, hata upate 9, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa, hukufanya kitu. Wakili alibisha mpaka chai ikapoa. Matroni hakupandisha sauti, alifungua tovuti ya uhamiaji ya Canada, akamsogezea mdogo wake simu, akamwambia, "Soma mwenyewe, tena kwa sauti." Akasoma, akanyamaza. Katika nyumba hii neno la mwisho ni la Matroni, na nyumba inakwenda.

Afadhali hivyo, kwani General ilimfaa Wakili kuliko alivyotarajia. Katika Academic, swali la kwanza la kuandika linakutaka ueleze mchoro au jedwali kwa maneno yasiyopungua 150. Katika General unaandika barua: ya kuomba, ya kueleza jambo, au ya kulalamika. Mpe Wakili ruhusa ya kulalamika uone! Aliandika barua kuhusu tenki la jirani linalovuja, akaandika nyingine kuhusu bodaboda wa kona, na Jumapili yote tukawa tunasomewa malalamiko ya mtaa mzima kwa Kiingereza.

Chiriku alitusumbua zaidi. Huyu mtoto anaongea tangu adhana ya alfajiri hadi taarifa ya habari ya usiku, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na shaka naye. Wakili, ambaye ushauri kwake hauishi, akamwambia afanye mtihani wa Duolingo: unafanyiwa nyumbani, unachukua kama saa moja, ada yake ni ndogo, na vyuo vingi vya Canada vinaupokea. Yote hayo ni kweli. Lakini mtihani huo unataka chumba kimya, mtahiniwa awe peke yake mbele ya kamera, asiingie mtu, asitupe macho pembeni. Kabla ya kulipa, Matroni akaamuru tufanye jaribio. Chiriku akafungiwa chumbani, nami nikawekwa mlangoni kama askari. Nikamzuia Kitinda, mwanetu wa mwisho. Nikamzuia na muuza mboga. Bibi Redio, mama mkwe wangu, nani amzuie? Alipita na redio yake kwapani akitafuta miwani, akaketi kitandani, akaanza kumuuliza mjukuu wake anaongea na nani humo kwenye kompyuta. Halafu umeme wa Luku ukaisha.

Kwa hiyo Duolingo tukaiacha, si kwa ubaya wake, ila kwa sababu nyumba yetu si ya mtihani huo. Tukaitazama TOEFL, ambayo ni ya watu wengi waendao Marekani, na Canada pia inapokelewa sana. Katika sehemu yake ya kuzungumza unaongea na kompyuta kupitia kipaza sauti. Chiriku mbele ya mashine alikwama kama gari lililoishiwa mafuta darajani. Anataka uso wa mtu, anataka mtu wa kumwitikia. IELTS inampa hicho: dakika 11 hadi 14 ana kwa ana na msahihishaji. Tabia ya mtoto nayo ihesabiwe, ndugu yangu, si ada peke yake. Chuo alichokichagua kinataka 6.5 kwa jumla, na isipungue 6 katika kila sehemu. Hiyo "kila sehemu" ndiyo inayowaumiza wengi, kwa kuwa mtu hutazama jumla akashangilia, kumbe kuandika kumemwangusha. Katika karatasi ya mazoezi Chiriku alikuwa mzuri kote isipokuwa kuandika, na sasa kila jioni ana zamu ya insha kabla ya zamu ya vyombo.

Nirudi kwa Matroni, maana yeye ndiye mwenye safari ngumu. Bibi Redio alikuwa akimkumbusha kila siku habari aliyoisikia mwaka 2021, pale Kenya na Uingereza zilipokubaliana kuhusu wauguzi: Waziri wa Afya wa Kenya wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliopimwa Kiingereza, walifaulu 10 tu. Watu waliosomea uuguzi kwa Kiingereza! Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza linakubali IELTS Academic, 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Linakubali pia OET, mtihani uliotungwa kwa ajili ya watu wa afya, ambao ada yake ni kubwa zaidi. Huko unatakiwa daraja B, na C+ katika kuandika.

Nilipoiona ada nilishika kichwa. Lakini tazama alichokuwa akifanya. Kwenye mazoezi ya IELTS aliulizwa michoro ya matumizi ya nishati, akatoa jasho. Kwenye OET kuandika ni barua ya kitaalamu kuhusu mgonjwa, na barua za rufaa ndizo kazi yake ya kila siku. Kuzungumza ni maigizo ya nesi na mgonjwa. Bibi Redio akawa mgonjwa wetu. Aliambiwa ajifanye anaumwa tumbo. Yeye akaeleza goti lake la kweli, kwa Kiswahili, kuanzia lilipoanza kuuma. Matroni akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa Kiingereza kitulivu, akamwandikia barua ya rufaa iliyonyooka kabisa. Pale nikasema OET ilipwe, na mabati ya jikoni yasubiri mwakani. Nesi anayekubaliwa Kiingereza chake na baraza hilo hadaiwi mtihani mwingine wa Kiingereza kwa ajili ya viza ya kazi hiyo, kwa hiyo fedha ile inatumika mara moja.

Kitinda naye alitaka mtihani wake, Bibi akamuunga mkono. Yuko darasa la tano. Hakuna ofisi inayomngoja, basi aachwe acheze.

Ndugu yangu, kama kwenu nako limeanza vuguvugu hili, muulize kila mmoja cheti chake kitapokelewa na nani. Kisha fungueni tovuti ya huyo mpokeaji, si ya mwenye kozi wala ya shemeji, msome mtihani gani, aina gani, na alama ngapi kwa kila sehemu. Fanyeni karatasi ya mazoezi kabla ya kulipa. Na msikimbilie mapema mno: matokeo ya IELTS huhesabiwa kwa miaka miwili tu, na anayechelewa kuyatumia hulipa upya.