Mzee wa LUKU

Nyumba ninayopanga, huku Nkuhungu, Dodoma, ina vyumba vinane na mita moja ya umeme ya LUKU. Nikikwambia hivyo usinipe pole haraka, subiri kwanza nikusimulie nilivyofika hapo.

Nilifikishwa na dalali. Dalali wa hapa mjini unamtangulizia elfu kumi ya kuonyeshwa, na hairudi, hata akikuonyesha banda la kuku. Ukikipenda chumba, anakula kodi ya mwezi mzima juu yake. Mwezi mzima! Yeye halali humo, haogi humo, hafukuzani na panya wa humo. Aliniambia nyumba ina maji ndani, ina fensi, iko karibu na lami. Bomba kweli lipo. Maji yanakuja kwa mgao, tena usiku, wakati mimi nimelala, kwa hiyo ushahidi wa kuwepo kwake ni ndoo za majirani zilizojaa asubuhi. Fensi ni ya michongoma. Lami nayo ipo, ukipanda juu ya tangi unaiona.

Kodi elfu sabini kwa mwezi, lakini hailipwi kwa mwezi. Ni miezi sita kwa mkupuo, laki nne na ishirini, mkononi, keshi. Mimi mshahara napewa mwisho wa mwezi, tena siku nyingine bosi anajisahaulisha. Sasa mtu anayelipwa kwa kijiko anadaiwa kwa ndoo, hiyo hesabu tulifundishwa darasa la ngapi? Labda ni siku ile niliyoumwa.

Nikajipanga. Nikaenda na ya miezi mitatu, nimeshakariri na maneno ya kubembeleza. Nimefika tu:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Umekula?”

Jamani. Mama mwenye nyumba akaniwekea ugali na mlenda wa Kigogo, ule unaovutika kuanzia sahani mpaka kidevuni. Nikala nikamaliza. Akaniongeza. Sasa mtu umeshakula ugali wake, na mlenda bado unaning’inia kwenye ndevu, unaanzaje kumwambia una nusu? Nikasema, “Mama, hela yote ipo, kesho naleta.” Nikatoka pale moja kwa moja kwa wale jamaa wa mikopo ya kausha damu, nikaandikisha redio yangu na godoro. Ule ugali mpaka leo naulipia riba.

Wenyeji wanakwambia zamani hapa nyumba ndiyo iliyokuwa inamtafuta mpangaji. Halafu Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali nzima inahamia Dodoma, na 2018 manispaa ikapandishwa kuwa jiji. Mimi nilishangilia bwana! Nilitoka barabarani. Nilimpigia mjomba simu Kondoa, nikamwambia, mjomba, kuanzia leo mwanao anakaa jijini. Akaniuliza, “Umehamia Dar?” Nikamwambia hapana, jiji ndilo limehamia kwangu. Niliona kama nimepandishwa cheo. Hakuna aliyeniambia kwamba jiji linalipiwa. Chumba changu cha wakati huo, Chang’ombe ya hapa hapa Dodoma, cha elfu thelathini kikawa hamsini, na hakikuongezwa hata msumari. Ukuta ule ule, mende wale wale, ila sasa ni mende wa jiji.

Ikifika Aprili ndiyo balaa. Bunge la Bajeti linaanza, linakwenda mpaka mwisho wa Juni, na mji unafurika wageni. Gesti zinajaa. Bodaboda wa kituo chetu, mtu tunayefahamiana, ananitajia nauli ya mheshimiwa. Namwambia, ndugu yangu, mimi si ndiye yule wa kila siku? Ananijibu, “Najua, lakini ni msimu.” Mama mwenye nyumba naye miezi hiyo anapenda kuzunguka uani mikono ameiweka nyuma, anachungulia chumba changu kama hanioni. Siku moja nilimsikia anamwambia mgeni wake, “Hiki kingemfaa dereva wa mbunge.” Mimi nimo humo. Nimevaa taulo.

Na mimi kazi yangu ni kuuza tailizi. Nasimama dukani kutwa, nawaelekeza watu na heshima zao: hii ya sebuleni, hii haitelezi, weka bafuni. Nyumbani sakafu yangu ni saruji yenye ufa unaoanzia mlangoni, unapita chini ya kitanda, unatokea kwa jirani. Mteja mmoja aliniuliza, “Wewe kwako umeweka ya aina gani?” Nikamjibu, ya kijivu. Akataka kununua hiyo hiyo.

Haya, tuje kwenye LUKU.

Mimi sikugombea huo uongozi. Siku nahamia, umeme ulikatika, wakauliza nani ana salio kwenye simu. Nikanyoosha mkono. Nilidhani ni salamu. Tangu hapo naitwa Mzee wa LUKU, watoto wananiamkia kwa jina hilo, na ninahisi hata mama mwenye nyumba ameshasahau jina nililoandikisha kwenye mkataba.

Utaratibu ni kwamba kila chumba kinachanga elfu tano, mimi nanunua. Utaratibu huo upo vizuri sana kwenye karatasi iliyobandikwa mlango wa choo. Kiuhalisia mimi nanunua kwanza, halafu wao wananiambia kesho.

Na umeme wenyewe tunauziwa kwa bei ya matajiri. Kuna watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja wanapata kwa shilingi 100, kodi na makato mbali. Sisi ukiingia chumba kimoja kimoja hakuna anayeweza kuzimaliza hizo 75. Lakini mita haihesabu vyumba. Mita inaona nyumba moja yenye friji, sabufa mbili, jiko la kupikia wali, na mtu wa chumba cha kona anayekuza vifaranga kwa balbu. Inadhani humu anaishi waziri. Basi uniti moja inatutoka zaidi ya shilingi 350, na ukitia elfu kumi unapata uniti 28 na vipointi.

Hiyo ni kama si mwanzo wa mwezi. Mwanzo wa mwezi kuna kodi ya jengo. Tangu 2021 serikali inaikata humo humo kwenye LUKU. Ilianza buku moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda kuwa 1,500. Ni kodi ya mwenye nyumba, si ya mpangaji, hilo hata mimi nimelielewa. Lakini inamkata atakayenunua wa kwanza mwezi huo. Kwa hiyo ikifika tarehe moja, nyumba yetu inakuwa na adabu ya ajabu. Mita inaanza kulia, pii, pii, pii, kila mtu anaisikia, hakuna anayetikisika. Umeme unakata. Kimya. Unasikia mtu anapapasa kiberiti. Mama wa maandazi anakanda unga kwa tochi ya simu. Yule wa vifaranga anavihamishia kwenye karai la mkaa. Wote wanasubiri nani atashindwa kuvumilia.

Ni mimi. Kila mwezi ni mimi. Bosi hataki shati lenye makunyanzi, na mimi shati la kazini ninalo moja.

Nanunua, nakatwa, naingiza namba zangu 20, nakosea ya mwisho, narudia. Taa ikiwaka tu, friji linaunguruma, sabufa inarudi hewani, vyumba vyote vinapiga kelele, “Asante, Mzee wa LUKU!” Watu waliokuwa wamelala wanaanza kupika.

Nikasema hapana, nikaitisha kikao uani. Nikamkabili wa friji. Akaniambia friji halili umeme mpaka ulifungue, na yeye halifungui ovyo. Nikakaa kimya. Mimi ya friji nayajulia wapi, sijawahi kumiliki? Nikageukia kwingine, nikasema kinachotumaliza humu ndani ni pasi. Wakakubali wote kwa sauti moja. Wakauliza, pasi ni ya nani? Nyumba nzima ina pasi moja, na ni yangu, wanaiazima kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili. Ikapitishwa kwamba mwenye pasi achange elfu saba.

Nikaona nisipoteze muda na watu wadogo. Nikaenda kwa mama mwenye nyumba kudai ile 1,500 yangu ya kila mwezi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umekula?”

“Nimekula mama,” nikasema upesi, na njaa inaniuma.

Nikamweleza kwa heshima zote, hii kodi ni yako, mimi nakulipia tu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Kumbe mwanangu umeteseka hivi na hukuniambia.” Akaingia ndani, akatoka na daftari. Moyo ukatulia. Akaandika, akanionyesha: kuanzia mkataba ujao, kodi elfu themanini, ili yeye ailipe mwenyewe hiyo ya serikali, mimi nisisumbuke. “Na wenzako nitawaambia,” akasema, “kwamba wewe ndiye uliyenifumbua macho.”

Akawaambia. Chumba kimoja baada ya kingine, siku hiyo hiyo.

Usiku ule hakuna aliyenisalimia. Nikapita uani watu wanatazama sufuria. Kama saa tatu hivi nikasikia hodi. Ni wa friji. Nikajua ama amekuja kunipiga, ama ameleta ile elfu tano yake ya tangu mwezi juzi.

Alitaka pasi.