Namna ya Kujenga Injini ya Mvuke Juu ya Meza ya Chakula

Mwongozo huu ni wa mtu mzima wa Mwanza mwenye kazi, familia na meza moja tu ya chakula, ambaye ameamua kujenga injini ya mvuke kwa vitofali vya LEGO. Atakayekuuliza kama huna shughuli nyingine, mwambie kwa upole kwamba shughuli yenyewe ndiyo hii, kisha mpe bakuli la vipande akusaidie kutenganisha rangi. Wengi wakishapewa bakuli huacha kuuliza.

Sharti ni moja, na hatua zote zinatoka humo: usiweke kipande kabla hujajua kwenye injini ya kweli kilikuwa na kazi gani.

Hatua ya 1: Chagua injini ya kwetu

Madukani utakuta treni za Ulaya. Emerald Night, ambayo LEGO waliitoa mwaka 2009, ni kazi nzuri sana, lakini sura yake ni ya Uingereza. Mtoto wa Igogo, hapa Mwanza, anayelala akisikia honi ya treni anastahili kuiona mezani injini iliyofanya kazi Afrika Mashariki. Hiyo itabidi uibuni mwenyewe.

Chukua injini ya aina ya Garratt, daraja la 59, ya East African Railways. Zilijengwa 34 na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, mwaka 1955 na 1956. Zilichoma mafuta mazito, kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, na kwenye reli ya upana wa mita moja hakuna injini ya mvuke iliyozizidi nguvu duniani kote. Zilipandisha treni za tani 1,200 kutoka Mombasa, usawa wa bahari, mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu.

Atatokea mjuzi wa kukukumbusha kwamba hizo hazikufika Mwanza. Mkubalie. Reli yetu ya kutoka Tabora, iliyofika ziwani mwaka 1928, ilihudumiwa na injini nyepesi zaidi. Injini nzito kama hizo zilihitaji reli imara ya Mombasa. Kisha mkaribishe kiti na umweleze yafuatayo. Injini hizo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili zilizobaki zimehifadhiwa Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upareni. Milima yote miwili ni ya Tanzania. Tena shirika lenyewe lilikuwa la nchi tatu kwa pamoja, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Unayejenga Garratt hapa Mwanza hukuazima kitu cha mtu.

Hatua ya 2: Nenda ukapime

Basi linapita Musoma na Sirari, na kesho yake uko Nairobi. Beba futikamba, daftari, penseli mbili na subira. Omba ruhusa kabla ya kugusa chochote. Picha moja ya ubavuni iliyopigwa kwa mbali, kamera ikiwa sawa na kitovu cha boila, itakufaa kuliko picha nyingi za karibu, kwa kuwa ya mbali haipindishi vipimo. Baada ya hapo ndipo uiname upige picha za bomba, hatua za kupandia na viungio vya magurudumu.

Rudi na namba hizi kichwani: urefu karibu mita 32, upana karibu mita 3, kipenyo cha boila mita 2.3, kipenyo cha magurudumu ya kuvuta mita 1.37. Ukizikariri, hata kikao kirefu cha ukoo hakitakuchosha, maana utakuwa na hesabu ya kufanya.

Hatua ya 3: Tafuta skeli, uiamini

Vinundu vya juu ya tofali la LEGO vimeachana milimita 8, kitovu hadi kitovu. Tofali lina kimo cha milimita 9.6, na kipande bapa milimita 3.2, yaani bapa tatu hufanya tofali moja. Vipimo hivi ndivyo sheria za nchi unayohamia.

Kwa skeli ya 1:48, Garratt yako itakuwa na urefu wa sentimita 66 na upana wa vinundu 8. Boila litatoka karibu vinundu 6 kamili. Ni kama Beyer, Peacock walikuwa wanakufikiria wewe.

Tatizo liko kwenye reli. Reli ya LEGO ina nafasi ya karibu milimita 37.5 kati ya pande zake mbili. Kwa skeli hiyo ni sawa na reli ya mita 1.8, wakati ya kwetu ni ya mita moja. Una njia tatu. Ya kwanza ni kukubali miguu iliyotanuka ili injini itembee. Ya pili ni kukuza kila kitu mpaka reli ilingane, karibu 1:27, na hapo injini itafika mita 1.2 na meza ya chakula itakuwa imekwisha kazi yake ya zamani. Ya tatu ni kujitandikia reli nyembamba ya vipande bapa, kwa maonyesho tu. Nakushauri ya tatu. Wembamba wa reli chini ya mwili mkubwa ndio unaoipa Garratt sura yake. Ukiupanua umejenga injini nyingine.

Hatua ya 4: Elewa kwa nini imekatika vipande vitatu

Anayeanza huiona Garratt kama injini mbili zilizogombana zikapewa mpatanishi. Herbert William Garratt, mhandisi Mwingereza aliyeibuni mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa na sababu. Boila alilining'iniza katikati, kwenye fremu inayoegemea seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikigeuka kwenye pini yake. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu makubwa, lilipata nafasi ya kunenepa na tanuri likapata kina. Uzito ukagawanywa kwenye ekseli nyingi, na mashine ndefu ikaweza kukata kona za reli za milimani.

Kwako maana yake ni hii: jenga vitu vitatu, siyo kimoja. Mbele, seti yenye tangi la maji. Nyuma, seti yenye tangi la mafuta. Katikati, daraja lenye boila na chumba cha dereva. Anayeijenga kama gogo moja atavuna gogo.

Kwa anayetaka itembee, kuna hesabu ya kuzingatia. Kona ya kawaida ya LEGO ina nusukipenyo cha vinundu 40, na vipande 16 hufunga duara lenye upana wa sentimita 64. Injini yako ina sentimita 66. Ni ndefu kuliko duara inalozunguka! Pini mbili za Garratt zitaisaidia sana, lakini tumbo la boila litatokeza ndani ya kona na kupangusa kila kilichosimama hapo, wakiwemo abiria wa plastiki. Tumia kona pana zaidi, na uwasogeze abiria.

Hatua ya 5: Anza na magurudumu

Wengi huanza na boila kwa sababu linaonekana. Wewe anza chini. Kila seti ina magurudumu 4 madogo mbele, 8 ya kuvuta katikati na 2 nyuma yake. Seti ya nyuma imegeuziwa uso. Jumla ni 28. Kwa 1:48 gurudumu la kuvuta linahitaji kipenyo cha milimita 29 hivi, na yale makubwa yaliyokuja na Emerald Night yanakaribia hapo.

Sasa mikono ya chuma inayounganisha magurudumu. Kwenye injini ya kweli, mkono wa kushoto na wa kulia hupishana kwa robo ya mzunguko, ili pistoni ya upande mmoja ikifika mwisho na kukosa nguvu, ya upande wa pili iwe katikati ya kazi. Bila hivyo injini inaweza kusimama mahali ambapo haiwezi kujiondoa. Ekseli ya LEGO ina umbo la msalaba, kwa hiyo robo ya mzunguko utaipata kwa kuchomoa gurudumu moja na kulirudisha likiwa limegeuzwa. Fanya hivyo hata kama injini haitatembea. Atakayejua atasimama hapo hapo, na mtaongea mpaka chai ipoe.

Jambo jingine: seti ya mbele na ya nyuma hazikuunganishwa kwa mkono wowote wa chuma. Kila moja ilizunguka kwa mwendo wake. Usizilinganishe ukidhani unaweka nidhamu.

Hatua ya 6: Viringisha boila

Tofali ni pembe nne, boila ni mviringo. Dawa yake ni kujenga kiini chenye vinundu vinavyotazama pande zote nne, kisha kukivika vipande vyenye mgongo wa mviringo. Ufunguo ni hesabu ndogo: bapa 5 zikipangwa zina milimita 16, sawa kabisa na vinundu 2. Kwa hesabu hiyo vipande vilivyolala na vilivyosimama hukutana bila mwanya. Iandike ukutani, juu ya kalenda.

Ibuni kwanza kwenye kompyuta. Programu ya Studio ni ya bure, na mfumo wa LDraw, ulioanzishwa na James Jessiman wa Australia mwaka 1995, umewapa wajenzi maktaba kubwa ya vipande vya kuchora. Hifadhi kazi yako mara kwa mara. Umeme ukikatika haungoji ufunge boila.

Hatua ya 7: Tafuta vipande

Garratt hizi zilipakwa rangi ya damu ya mzee, na LEGO wana nyekundu iliyoiva inayoikaribia. Kabla ya kuipenda, hakikisha kipande unachotaka kilitengenezwa kwa rangi hiyo. Vipande vya ndani, visivyoonekana, viwe vya rangi yoyote. Hapo ndipo vitofali vya mitumba vinapopata heshima. Pitia soko la Mlango Mmoja, ukachambue midoli iliyotoka kwenye robota. Kijani, njano, zambarau, vyote vitaingia tumboni mwa boila na hakuna atakayejua, isipokuwa wewe na yule uliyempa bakuli.

Hatua ya 8: Tunza amani ya nyumba

Jenga juu ya ubao unaobebeka. Sato akiwa tayari, ubao unaondoka mezani bila mjadala. Zoa sakafu kila usiku, kwa kuwa kinundu kimoja chini ya unyayo wa mama mwenye nyumba kinaweza kufunga reli kwa mwezi mzima. Na watoto wapewe kazi halisi: mmoja ashike magurudumu, mwingine ahesabu bapa tano tano.

Hatua ya 9: Ipe mahali pa kusimama

Injini pekee haijakamilika. Kwa Mwanza, jenga gati la Mwanza Kusini na mv Umoja, meli ya miaka ya 1960 yenye reli sitahani. Mabehewa husukumwa ndani, huvuka ziwa hadi Port Bell au Kisumu, na hutoka yakiendelea na safari, kwa kuwa nchi zote tatu zilirithi reli ya upana mmoja.

Hapo utaona kwamba kazi yako ina ukoo mrefu kandokando ya maziwa haya. Mv Victoria ilijengwa Glasgow, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa bahari na reli, ikaunganishwa upya Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Liemba ya Ziwa Tanganyika iliunganishwa Kigoma kwa vipande vilivyotoka Papenburg, Ujerumani, ndani ya masanduku yapatayo 5,000. Mafundi wa Kisumu na Kigoma walisoma mchoro, wakatafuta kipande, wakafunga, wakaendelea. Kujenga kwa vipande ni ufundi wa watu wazima, na umewahi kutuvusha ziwa.

Hatua ya 10: Andika maelekezo, uyagawe

Usiishie kuipiga picha. Andaa maelekezo, ukurasa kwa ukurasa, na orodha ya vipande kwa idadi na rangi. Toa nakala, uwape shule, uwape klabu za wanafunzi, umtumie jamaa wa Kisumu na wa Kampala. Mjukuu wa fundi wa karakana ya Tabora akifuata kurasa zako, atajifunza kwa nini mikono ya magurudumu hupishana robo mzunguko na kwa nini boila lilikaa katikati. Kisha atakuandikia kwamba umekosea bomba la kushoto. Mshukuru, lisahihishe bomba, na utoe toleo la pili likiwa na jina lake.