Shikamoo, Kocha Ndorobo

Abiria yeyote aliyewahi kupita Mikumi mchana, dirisha la basi likiwa wazi, ana tusi lake alilomwekea ndorobo. Madereva wa malori wana mengi zaidi, nayo hayaandikiki. Waongoza watalii humtaja kwa sauti ya chini, mithili ya mwenye nyumba anayewaomba wageni radhi kwa ajili ya mtoto mtundu. Katika zile kilometa 50 za barabara kuu ya kwenda Zambia zinazokatiza hifadhi, tembo anapigwa picha, twiga anapigwa picha, nyani anatupiwa ndizi japo ni marufuku, na ndorobo anapigwa kofi. Leo namtetea, kwa sababu ananidai.

Mimi ni mkimbiaji wa mtaani. Sina kocha wala klabu. Nina raba za mtumba, simu yenye ratiba ya mazoezi ya wiki 16, na namba ya kukimbia kilometa 42 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Anayejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja ambao simu haiutibu: mwalimu na mwanafunzi wameshibana mno. Mwanafunzi akisema paja linavuta, mwalimu anaamini papo hapo. Mwanafunzi akisema jua limekuwa kali, mwalimu naye anaona hivyo hivyo. Wawili hao wakikubaliana kugeuza njia kurudi kunywa chai, nani atawapinga? Anahitajika mtu wa tatu asiyejua urafiki, na hapa kwetu mtu huyo ana mabawa mawili na anafyonza damu.

Njia zangu ni vijia vya pembezoni mwa mji wa Mikumi na barabara ya vumbi iendayo Kilosa kupitia Ulaya. (Ndiyo, wilaya yetu ina Ulaya yake, na unaingia bila viza, mradi mvua isiwe imenyesha.) Ndani ya hifadhi mtu haruhusiwi kukimbia, na simba wanasaidia kusimamia sheria hiyo. Lakini ndorobo hakuhudhuria hafla ya mwaka 1964 hifadhi ilipotangazwa, na mipaka yake anaisikia tu kwa watu. Anakuja alipo mkimbiaji.

Vitabu vya ukimbiaji vinahimiza kuamka alfajiri. Walioviandika hawajakutana na tembo saa 11 alfajiri akitoka kwenye mahindi ya watu. Kwa hiyo mwenye akili anasubiri kupambazuke, na kukishapambazuka na joto likipanda kidogo, kocha naye yuko kazini. Usiku hana habari na wewe, asubuhi yenye baridi anazubaa, lakini mwanga na joto vikikutana hana udhuru. Makocha wangapi wa kulipwa wanafika kazini kwa uaminifu huo?

Tena anakuchagua kwa vigezo vya kitaalamu. Ndorobo hufuata kitu kinachotembea, hufuata hewa tunayoitoa puani, na hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mashabiki wa Simba na Yanga wanaweza kukimbia kwa amani kiasi. Shabiki wa Azam ajiandae. Pundamilia wa uwanda wa Mkata wamelitatua jambo hili zamani, kwa kuwa majaribio yameonyesha kwamba ndorobo hutua kwa shida kwenye mistari, ila mimi jezi ya mistari sijaipata mnadani. Basi fikiria mkimbiaji mvivu ndani ya bukta nyeusi, anahema kama kapanda mlima na bado hajamaliza kilometa ya pili. Kwa kocha huyu, kuhema ndiko kumwita. Kadiri ulivyo dhaifu ndivyo anavyokuhudumia, na hilo ni kinyume kabisa na makocha tuliozoea, ambao humkumbatia aliye na kasi na kumsahau wa mwisho.

Mbinu yake ya kufundisha ni ya kale, ingawa Wazungu waliipatia jina. Katika miaka ya 1930 Msweden Gösta Holmér aliwafundisha wakimbiaji wake kubadili kasi bila mpangilio maalumu: kimbia sana hadi mti ule, punguza, kimbia tena. Wakaiita fatileki, ikazunguka dunia. Ndorobo alikuwa akiifundisha bondeni humu kabla Uswidi haijapata kiwanja cha riadha. Anauma bega, unachomoka. Anakuacha, unapunguza. Unaanza kuamini kwamba ameridhika, anauma nyuma ya goti, tena juu ya nguo, maana nguo si kizuizi kwake. Hakuna filimbi wala saa, na hakuna anayeuliza kama uko tayari.

Wasiomjua husema, si umkimbie tu? Tupige hesabu. Wataalamu waliompima wanasema huruka kama mita 5 kwa sekunde, yaani kilometa 18 kwa saa. Kwa mwendo huo angemaliza marathon kwa saa 2 na dakika 20 hivi. Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48, akimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa unyoya wakati saa ikiwapa muda uleule, alikuwa akienda kilometa 19 na nusu kwa saa. Kwa hiyo Simbu anaweza kumkimbia ndorobo. Wewe na mimi tuendelee kujipaka mafuta ya taa.

Ila ndorobo hamalizi hata kilometa tano, na hapo ndipo pana hekima yake kubwa. Kwa siku nzima anaruka dakika chache tu. Saa zilizobaki ametulia kivulini, chini ya tawi au kwenye gome, anameng'enya. Haunguzi sukari akiruka kama wadudu wengi. Anaunguza proline, kijenzi cha protini anachokitengeneza kutokana na mlo wa damu, na akiba hiyo huisha upesi. Anafanya kazi kali kwa muda mfupi, halafu anapumzika bila kuona haya. Simu yangu inanitaka niongeze kilometa kila wiki na kunipongeza kwa picha ya medali. Kocha wangu hana medali, lakini sijawahi kumsikia amechanika msuli wa paja.

Na tumpe heshima ya historia. Nagana, ugonjwa anaouambukiza mifugo, ulifanya farasi, punda na maksai wasiaminike kwa safari za bara. Wapelelezi Burton na Speke walitoka pwani mwaka 1857 na kundi la punda, na punda wakawa wanakwisha mmoja mmoja. Ndiyo maana pembe za ndovu zilifika Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, Wanyamwezi na wengineo, wakipita huku huku Usagara kwa miguu yao, mwezi baada ya mwezi. Leo wageni wanakuja kuuliza siri ya Waafrika Mashariki katika mbio ndefu. Wanapima mapafu, wanapima mashavu ya miguu, wanauliza kuhusu ugali. Sijasikia aliyempelekea ndorobo barua ya shukrani.

Unguja walimfukuza. Kuanzia mwaka 1994 ndege zilimwaga zaidi ya madume milioni 8 waliolelewa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi. Majike yakapandwa na yasizae, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa huru. Wafugaji walishangilia, na haki yao. Wakimbiaji wa Unguja, poleni. Sasa mtalipa kocha.

Najua hoja ya wapinzani: malale, ugonjwa anaouambukiza watu. Hoja hiyo sina utani nayo. Ndorobo wengi hawana vimelea vya ugonjwa huo, lakini mtu akipata homa na kichwa kisichopoa baada ya kuumwa, aende hospitali akapimwe damu na aseme wazi kwamba aliumwa na ndorobo. Kila kocha mkubwa ana doa kwenye wasifu wake.

Kinachonisumbua ni Moshi kwenyewe. Mbio zile zina kipande cha kupanda kuelekea Mweka, pale ambapo mwalimu na mwanafunzi wangu hukaa kikao na kukubaliana kutembea. Mjini kule kocha hayupo. Nimefikiria kuwapelekea waandaaji ombi: pamoja na meza za maji na machungwa, pawekwe sanduku moja la ndorobo waliopimwa wakaonekana hawana vimelea, dume na jike, maana wote wanauma, lifunguliwe wakimbiaji wanapoanza kupanda. Haki haitavunjwa. Wanaogombea zawadi watakuwa wamewaacha zamani, na ndorobo, kwa kilometa zake 18, watajikuta nyuma pamoja nasi.